Binadamu Mbele ya Televisheni

Vipindi vya televisheni vielezavyo sayansi havihesabiwi sana miongoni mwa mambo yanayostahili kuhakikiwa na wanafunzi wa fasihi. Hudhaniwa kuwa ni mali ya walimu wa elimu ya viumbe na wa fizikia, na kwamba ugomvi unaozushwa na vipindi hivyo baina ya watu wa dini na watu wa sayansi wapasa kuachiwa mashehe, mapadri na maprofesa. Dhana hiyo ina upungufu. Kipindi cha sayansi ni usimulizi: kina msimulizi, kina visa, kina mashujaa na madhalimu, na kina lugha iliyochaguliwa. Mtazamaji akasirikaye mara nyingi huwa ameudhiwa na mambo hayo kabla hajafika kwenye hesabu ya miaka au kipimo cha mifupa. Na kwa mtazamaji wa pwani ya Waswahili liko jambo moja zaidi, nalo ni zito kuliko yote: maneno ambayo kwayo habari hizo humfikia.

Mifululizo mitatu yatosha kuwa mfano. Wa kwanza ni Life on Earth, ulioonyeshwa na Shirika la Utangazaji la Uingereza mwaka 1979, na msimulizi wake akiwa David Attenborough. Wa pili ni Cosmos wa Carl Sagan, ulioanza kuonyeshwa Marekani mwezi wa Septemba, 1980. Wa tatu ni Cosmos mpya wa mwaka 2014, ambao msimulizi wake ni Neil deGrasse Tyson. Kila mmoja ulikuwa na vipindi 13. Miwili ya kwanza ilipotoka, Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwaka 1974, lakini Bara ilingoja hata mwaka 1994. Kwa hiyo watu wengi wa Tanga waliupata ubishi kabla ya kuvipata vipindi vyenyewe. Waliusikia katika mihadhara, katika kanda za kaseti na katika vitabu vilivyopita mkono kwa mkono, na huo wa mwaka 2014 ulipofika kwa njia ya setilaiti, ulikuta hukumu zimekwisha kutolewa.

Yafaa kuanza na sauti ya msimulizi. Sagan alifungua mfululizo wake kwa kutamka kwamba ulimwengu ndio yote yaliyopo, yote yaliyopata kuwapo na yote yatakayokuwapo. Tamko hilo halimkani Mungu kwa jina, wala halimtaji. Walakini mtazamaji Mkristo aliyezoea kusikia kanisani sifa za Yule aliyekuwako, aliyeko na atakayekuja, hutambua mara moja kwamba sifa hizo zimevuliwa kwa mmoja na kuvikwa mwingine. Mtazamaji Mwislamu naye, ajuaye kwamba Wa Mwanzo na Wa Mwisho ni miongoni mwa majina ya Mwenyezi Mungu, husikia jambo lile lile. Sayansi haina kipimo cha kuthibitisha kwamba ulimwengu ndio yote yaliyopo. Hilo ni neno la imani lililosemwa kwa sauti ya mimbari. Waliolalamika walikuwa na masikio mazuri. Walitambua kwamba mtu aliyekuja kama mwalimu wa nyota alikuwa ameketi, kwa dakika moja, katika kiti cha mhubiri. Kosa la wengi wao lilikuwa kudhani kwamba kwa sababu ya dakika hiyo yote yaliyofuata yalikuwa mahubiri.

Ubishi wa mwaka 2014 ulihusu zaidi kisa kuliko sauti. Kipindi cha kwanza kilieleza kwa michoro habari za Giordano Bruno, mtawa wa Italia aliyechomwa moto mjini Roma tarehe 17 Februari, 1600. Waandishi Wakatoliki na baadhi ya wanahistoria walipinga: wakasema kwamba Bruno alihukumiwa kwa mafundisho mengi, na kwamba mengi katika hayo yalihusu Utatu na uungu wa Kristo kuliko nyota. Katika jimbo la Oklahoma kituo kimoja cha televisheni kilikata sekunde chache zilizogusa asili ya mwanadamu kwa kuingiza tangazo la habari za usiku. Wenye kituo walisema ni kosa la mwendesha mitambo, na wengi hawakusadiki. Kundi la Wakristo wanaoshika maneno ya Kitabu cha Mwanzo kama yalivyo lililalamika kwamba upande wao haukupewa nafasi yoyote.

Katika madai hayo, lile la nafasi halina nguvu, maana kipindi cha elimu si baraza la usuluhishi ambamo kila mdai hupewa zamu ya kusema. Lakini lile la Bruno lina haki yake. Msimulizi mwenyewe anakiri katika kipindi kwamba Bruno hakuwa mwanasayansi na kwamba wazo lake lilikuwa bahati iliyolenga. Ikiwa hivyo, kwa nini apewe mahali pa shujaa wa sayansi? Jibu ni la kifasihi: kisa kilihitaji shahidi afaye na dhalimu auaye. Nyuso za mahakimu katika michoro ile zimetiwa kivuli na ukali mpaka mtazamaji hana kazi ya kufikiri. Amekwisha kuambiwa ampende nani na amchukie nani. Hiyo ni njia ya hekaya. Yaweza kuwa nzuri mahali pake, lakini hapo ilitumiwa kupamba hoja ambayo haikuihitaji.

Kipindi cha tano cha mfululizo uo huo chaonyesha njia iliyo bora. Humo yumo Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 akafia Kairo karibu na mwaka 1040, mtungaji wa kitabu kikubwa juu ya mwanga na kuona. Mtazamaji huonyeshwa jinsi mwanga upitao katika tundu dogo la chumba chenye giza unavyochora picha iliyopinduka, na huonyeshwa kwamba mtu aweza kujijaribia jambo hilo mwenyewe. Hakuna anayechomwa, hakuna anayetukanwa. Ni kweli kwamba Mwislamu aweza kukipenda kipindi hiki kwa fahari tu, kwa kuwa wa kwao ametajwa; na fahari si elimu. Lakini ubora wa kipindi hautegemei fahari hiyo. Wategemea kwamba msimulizi amefungua mlango wa ujuzi wenyewe, akamwacha mtazamaji aingie na kujionea.

Attenborough hakuhubiri wala hakutunga mashahidi. Sauti yake ni ya mtu anong'onaye asije akamshtua mnyama. Hata hivyo barua zilimjia, na yeye mwenyewe ameeleza mara nyingi zilivyouliza: kwa nini, akionyesha uzuri wa ndege na maua, hamtaji Muumba? Majibu yake yamejulikana sana. Husema kwamba wenye kuuliza hufikiri habari za ndege wazuri, ilhali yeye hufikiri pia habari za mnyoo ukaao katika jicho la mtoto wa Kiafrika akaaye kando ya mto, mnyoo ambao hauna njia nyingine ya kuishi ila kumpofusha. Ni majibu mazito, na hayana kejeli. Lakini msomaji wa Tanga yampasa ayasome tena. Ugonjwa wa usubi, upofushao watu kwa minyoo inayoenezwa na nzi wadogo wa mitoni, umejulikana katika milima ya Usambara, nyuma ya mji wake, na dawa ya kuuzuia imegawiwa katika vijiji vya huko. Katika majibizano yale Mwingereza mwandishi wa barua yuko upande mmoja, na Mwingereza msimulizi yuko upande wa pili. Mtoto wa Kiafrika yuko katikati kama ushahidi, wala haikumpitikia yeyote kwamba mtoto huyo aweza siku moja kuwa mtazamaji mwenye neno lake. Neno hilo lipo. Fasihi ya Kiswahili ina Utenzi wa Ayubu, na kwa muda mrefu imezungumza juu ya mateso ya asiye na hatia kwa swali jingine: haikuuliza kama Muumba yupo, iliuliza mja afanyeje. Huenda swali hilo lisimridhishe Attenborough, lakini ni swali la kweli, na halimo katika barua zile.

Hapo ndipo hapana budi kugeuka kutoka kwa watazamaji wa Uingereza na Marekani na kumtazama mtazamaji wa Chumbageni. Katika mji wa Tanga Waislamu na Wakristo huishi mtaa mmoja, hukaa baraza moja, na mara nyingi hutazama kiwambo kimoja. Mzee aliyesoma chuoni na kijana wa sekondari huketi pamoja mbele ya kipindi kimoja, lakini hawakisikii kwa masikio mamoja. Kijana amefundishwa sayansi kwa Kiingereza, kwa maneno asiyoyatumia nyumbani. Mzee humwuliza yamesemwa nini, na kijana hutafsiri papo kwa papo. Katika tafsiri hiyo ya dakika moja ugomvi mzima huamuliwa.

Wala isidhaniwe kwamba mzee huyo hajui kupima ushahidi. Watu wa pwani wamebishana miaka mingi juu ya mwandamo wa mwezi wa Ramadhani: ni nani aliyeuona, aliuona wapi, je, neno la mtu mmoja latosha, je, mwezi ulioonekana nchi ya mbali wawafungisha watu wa Tanga, na je, hesabu ya wanajimu yaweza kushika mahali pa jicho. Huo ni ubishi wa dini, lakini ni ubishi wa elimu vilevile, maana watenganisha kitu kilichoonekana na kitu kilichokisiwa. Mtu aliyelelewa katika ubishi huo hutazama michoro ya televisheni ikimwonyesha samaki aotaye miguu, na swali lake la kwanza ni hili: nani aliyeona? Swali si la ujinga. Michoro ile imefanya makisio yaonekane kama jambo lililoshuhudiwa, na msimulizi angalipasa kusema wazi: hapa pana mfupa uliochimbwa, na hapa pana hesabu iliyojengwa juu ya mfupa. Mifululizo hii hukosea mara nyingi hapo, na mtazamaji wa Tanga hulitambua kosa upesi kuliko wengi.

Sasa yafikiriwe maneno. Kijana akisema kwamba binadamu ametokana na nyani, ametumia maneno matatu, na kila moja lina mzigo. Binadamu ni mwana wa Adamu. Neno lenyewe limebeba nasaba, na sentensi hiyo yaisha kukanusha mwanzo wake. Nyani, kwa usahihi, ni yule mnyama wa mashambani alaye mahindi ya watu, na hakuna mwanasayansi asemaye kwamba mtu ametokana naye. Tena msikilizaji aliyesoma Kurani anajua habari za watu walioivunja Sabato wakafanywa manyani kwa adhabu. Kwake safari kati ya mtu na nyani imekwisha kusimuliwa, nayo ni safari ya laana. Kutokana nako ni neno la ukoo, na katika pwani ambayo nasaba ni heshima ya mtu, kumwambia mtu ametokana na mnyama ni kumvunjia heshima babu yake. Haya yote yametokea kabla ya sayansi kusema neno lolote.

Mzigo hauishii hapo. Neno la kawaida la kitu chenye uhai ni kiumbe, yaani kitu kilichoumbwa; hali ya asili ya kitu huitwa maumbile. Msemaji wa Kiswahili atakaye kusema kwamba viumbe havikuumbwa hujikuta amesema maneno yapinganayo. Mageuzi, neno litumikalo kwa mabadiliko ya viumbe katika muda mrefu, ni neno la siasa vilevile. Tena mzizi wake ni kugeuka, na katika hadithi za bibi mtu hugeuka chatu kwa usiku mmoja. Nadharia nayo, katika maneno ya kila siku, ni kinyume cha vitendo. Ikisemwa kwamba mageuzi ni nadharia, msikilizaji huelewa kwamba ni maneno matupu. Asili ya neno hilo ni Kiarabu, nayo ni kutazama kwa makini, mzizi ule ule ulio katika jina la kitabu cha Ibn al-Haytham. Heshima iliyokuwamo imepotea njiani.

Msomaji mwingine aweza kusema kwamba basi lugha yenyewe imetoa hukumu, na Kiswahili ni lugha ya uumbaji. Hoja hiyo haifai. Waswahili husema jua limechomoza na jua limekuchwa, na hakuna mwanafunzi adhaniaye kwamba maneno hayo yamethibitisha kuwa jua lazunguka dunia. Neno huhifadhi mawazo ya waliolitunga, halithibitishi jambo. Mwenye kuitumia asili ya neno kuwa ushahidi dhidi ya mfupa amekosea, kama alivyokosea mwenye kutumia neno asilolipima mbele ya mzee wake.

Kwamba mambo haya si ya nadharia tu, ilionekana katika nchi jirani. Mifupa ya Afrika Mashariki ilijuana na kamera tangu zamani: Mary Leakey alipogundua fuvu katika bonde la Olduvai tarehe 17 Julai, 1959, kazi ya kulichimbua ilingoja mpiga picha wa vipindi vya televisheni afike. Fuvu likaitwa Zinjanthropus, na Zinj ni jina ambalo Waarabu wa kale waliiita pwani hii. Pwani ilitoa jina, lakini haikuhadithiwa kisa kwa lugha yake. Mwaka 1981 Richard Leakey, mwana wa Mary, alisimulia asili ya watu katika mfululizo wa televisheni ya Uingereza, na mwaka 1984 Kamoya Kimeu aligundua huko Nariokotome, karibu na Ziwa Turkana, mifupa ya kijana aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Makumbusho ya Nairobi yalipokuwa yakitengenezwa upya, mwaka 2006, viongozi wa makanisa ya kiinjili, Askofu Boniface Adoyo akiwa mbele yao, walitaka mifupa hiyo isipewe mahali pa mbele, wakilalamika kwamba nadharia yaonyeshwa kama hakika. Askofu alikana kabisa kwamba yeye ametokana na kijana huyo. Leakey alipinga kwa ukali. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008, na kijana wa Turkana akaonyeshwa. Ugomvi ulikwisha bila ya upande mmoja kufahamu neno la mwenzake, maana kila upande ulikuwa ukilinda kitu kingine: mmoja ukilinda mfupa, na mmoja ukilinda nasaba.

Tanga nayo ina shahidi wake, naye ni samaki. Silikanti alijulikana kwa mabaki yaliyogeuka mawe, akadhaniwa ametoweka tangu zaidi ya miaka milioni 60, hata alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kutoka mwaka 2004 wavuvi wa Kigombe na vijiji jirani waliwapata wengi katika majarife yaliyotegwa maji marefu, na mwaka 2009 ikawekwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Life on Earth ulikuwa umekwisha kumwonyesha silikanti wa Komoro kama jamaa wa samaki ambao kwao walitoka wanyama wa miguu minne. Kwa upande wa pili, Adnan Oktar wa Uturuki, aliyejiita Harun Yahya, alieneza kuanzia mwaka 2006 kitabu kikubwa cha picha kilichomtumia samaki huyo huyo kudai kwamba hakuna kilichobadilika. Wataalamu waliosoma chembe zake za urithi walieleza mwaka 2013 kwamba hubadilika polepole sana, lakini hubadilika. Na kwamba kambaremamba ni jamaa wa karibu zaidi wa wanyama wa nchi kavu kuliko yeye. Habari hiyo yasahihisha pande zote mbili. Na katika masimulizi yote mawili mvuvi hayumo, ambaye kwa sheria ya mwandamo wa mwezi ndiye shahidi wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeona.

Kazi iliyobaki ni ya waandishi na wafasiri wa Kiswahili, nayo yawezekana. Lugha ina neno mtu, la kale kuliko binadamu, lisilotaja nasaba yoyote. Mwenye kueleza mifupa aweza kulitumia, akaliacha binadamu mahali panapotajwa utu na wajibu. Ina sokwe, ambaye Watanzania wengi humwita sokwemtu bila ya kuona aibu. Yaweza kusemwa, pasipo kumtukana yeyote, kwamba wanasayansi wamefikia kusema mtu na sokwe wana asili moja ya kale sana, na kwamba ushahidi wao ni huu na huu. Wako watakaosema kwamba kuchagua maneno hivyo ni kuficha ugomvi. La, ni kuuonyesha mahali ulipo. Mzee wa Chumbageni akiisha kuisikia sentensi hiyo aweza bado kuikataa kwa imani yake, na hiyo ni haki yake. Lakini atakuwa ameikataa sentensi iliyosemwa na sayansi, wala si tusi lililotungwa na haraka ya mfasiri. Kijana naye hatalazimika kuwa na ulimi mmoja katika karatasi ya mtihani na mwingine barazani. Mpaka sentensi hizo zitakapoandikwa kwa uangalifu, vipindi hivi vitaendelea kufika pwani vikiwa na picha nzuri na maneno mabaya, na watu watagombana juu ya mambo ambayo hayajasemwa.